Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Kale: majina mawili ya kuandikwa Beit el-Ajaib

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Kale,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi mwashi wa hapa Unguja. Kazi nimeiacha miaka minne sasa kwa sababu ya mgongo, baada ya kuishika tangu nikiwa mwanagenzi wa marehemu baba yangu, tukichoma chokaa na kukandika kuta za mawe. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili lisikupotee katika maneno mengi ya mzee. Siku Beit el-Ajaib, kasri ya kale ya sultani pale Forodhani, itakapowafungulia mlango wananchi na wageni, naomba majina ya wafanyakazi wawili waliofariki humo ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 yawe yameandikwa ukutani, pahala ambapo kila anayeingia atayaona kabla hajaona kitu kingine.

Nieleze ilikuwaje hata nikashika kalamu.

Mwezi uliopita alinijia mjukuu wa dada yangu kutoka Wete. Ana miaka kumi na tisa na anajifunza uashi kwao, uashi wa matofali ya saruji, kwani ndiyo kazi iliyopo siku hizi. Unguja aliijua bandari na Darajani tu. Nikaona haifai kijana ashike mwiko katika visiwa hivi bila kuziona nyumba walizozijenga waliomtangulia. Asubuhi ya Jumamosi tukatoka kwa miguu, mimi na bakora yangu, yeye na chupa ya maji.

Tulianzia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa penye soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mimi ni Muislamu, lakini mwashi akiingia jengo la mtu hutazama dari kwanza. Paa la mle ndani limepinda kama pipa lililopasuliwa kati, limemwagwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Wapo waliotarajia kuliona likiwaporomokea. Halijaporomoka mpaka leo. Nilimsimamisha kijana chini yake, nikamwambia alitazame mpaka shingo imuume.

Kulikuwa na mtembeza wageni aliyekuwa na kundi lake, tukasogea tukasikiliza. Akawaonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inavyosimuliwa, Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi alikuwa safarini, na mafundi, ambao nguzo za namna ile hawakuwa wameziona kabla, wakazigeuza. Wageni wakacheka. Na kijana wangu akacheka. Mimi nilinyamaza, na moyo ukanisononeka kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilihesabu. Steere: jina lake lipo. Sultani: jina lake lipo. Livingstone naye yupo, maana msalaba wa mle ndani umechongwa kwa mti uliokuwa pale moyo wake ulipozikwa. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa wana dirisha lao la vioo vya rangi. Watumwa wenyewe wamewekewa nje sanamu za mawe zilizotiwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Waashi waliopandisha kuta zile hawana chochote isipokuwa kosa lao. Jengo lina karne na zaidi, halijapindana, na aliyelijenga anatajwa kwa nguzo alizokosea.

Njiani hatukusimama sana. Nilimweleza habari za Beit el-Amani ya Mnazi Mmoja, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Vikuu vya kwanza, na kwamba aliyechora ramani yake ni Sinclair. Akaniuliza kuba lile lilijengwa na nani. Nikamwambia, na watu wetu. Nani? Sikuwa na la kumjibu, tukaendelea kutembea.

Ndipo tukatokea Forodhani.

Mheshimiwa, unaijua Beit el-Ajaib kwa nyaraka za ofisini kwako. Mimi ninaijua kwa jicho la ufundi, na naomba uniazime jicho hilo kidogo. Nyumba zetu za mawe zina mpaka wake, na mpaka huo ni boriti. Mkoko hautoi mti mrefu wa kutosha, kwa hivyo chumba cha kawaida cha Mji Mkongwe ni chembamba, kiasi cha hatua nne za mtu mzima, na urefu wake ndio unaoweza kwenda upendavyo. Barghash aliporudi kutoka uhamishoni Bombay, na kisha kukalia kiti mwaka 1870, alitaka kitu kipana na kirefu kuliko boriti. Mwaka 1883 akasimamisha kasri hii, pahala inaposemekana palikuwa na nyumba ya Malkia Fatuma katika karne ya kumi na saba, na akaizungushia nguzo za chuma zilizobeba roshani ghorofa juu ya ghorofa. Hapakuwa na jengo refu kuliko hilo hapa kwetu. Likatiwa taa za umeme wakati watu wanatumia kandili, likatiwa na lifti. Watu wakaliita nyumba ya maajabu, na jina likakaa. Madaraja yaliyofunikwa yakaliunganisha na majumba ya jirani ya sultani, Beit el-Hukm na Beit el-Sahel, ili mabibi wa jumba wapite juu bila kuonekana na walio barabarani.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga kutoka baharini, ili kumtoa Khalid bin Barghash aliyekuwa amekalia kiti baada ya Sultani Hamad kufariki. Beit el-Hukm ikabomoka isirudi tena. Mnara uliokuwa umesimama peke yake mbele ya kasri ukaharibika, na mwaka uliofuata ukajengwa mnara mwengine wenye saa, huu ukabandikwa kwenye uso wa Beit el-Ajaib yenyewe. Vita vile huelezwa kwa dakika zake, thelathini na nane hivi, na kila mgeni hurudi kwao na hesabu hiyo. Watu kiasi cha mia tano upande wetu waliuawa au kujeruhiwa. Nao hawana majina.

Niliingia mle ndani mara moja kwa kutazama, mwaka 2006, wakati ni makumbusho. Katikati ya ukumbi ulikuwepo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ukiwa umejengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani. Nilisimama pale muda mrefu kuliko pahala pengine. Milango mikubwa ya kuchonga, yenye aya za Qur'ani, niliigusa kwa mgongo wa mkono, kwa adabu. Nje ya mlango palikuwa na mizinga miwili ya kale yenye maandishi ya Kireno. Hata mzinga una maandishi.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka na nyumba ikafungwa kwa watazamaji. Matengenezo yakaja baadaye kwa msaada wa Serikali ya Oman. Na katikati ya matengenezo hayo, Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, mnara wa saa na sehemu kubwa ya mbele vikaporomoka. Walikuwamo watu kazini. Wawili hawakutoka hai.

Siku ile nilikuwa nyumbani. Niliposikia nikaondoka kama nilivyokuwa, na kanzu yangu ya Ijumaa, na nilipofika Forodhani kitu cha kwanza kilichonipiga ni harufu. Chokaa ya zamani ikivunjwa ina harufu yake, kavu, inakwama kooni. Nimeivuta tangu utotoni katika kazi, lakini siku ile niliivuta nikijua kuna wenzangu chini yake. Watu tulikuwa wengi, tumesimama tu.

Siku zilizofuata barazani tulizungumza mnara. Tulizungumza saa. Tulizungumza kwamba Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na nini kitasemwa huko nje. Watu walitafuta picha zao za zamani walizopigwa mbele ya nyumba, na mimi pia nilitafuta yangu. Wale wawili tuliwaombea dua, kisha tukarudi kwenye mnara. Najilaumu kwa hilo, mimi mwashi, ambaye ningetakiwa kuwa wa mwisho kusahau.

Sikuandikii kutafuta wa kulaumiwa. Sababu ya kuanguka ni kazi ya wahandisi na wachunguzi, wenye vipimo na elimu ambayo sina. Ila nataka ufahamu kazi waliyokuwa wakiifanya wale watu ni ya namna gani, kwa sababu asiyeishika hufikiri kutengeneza ni rahisi kuliko kujenga. Ni kinyume chake. Ukijenga kipya, kila jiwe umeliweka wewe, unajua limekalia nini. Ukitengeneza cha kale unaingia katika nyumba ambayo mvua imepita ndani ya kuta zake miaka mingi ikichukua chokaa kidogo kidogo. Mchwa wamekula boriti kwa ndani, kwa nje unaona mti mzima. Chuma kikipata hewa ya chumvi hushika kutu, na kutu huvimba, ikivimba hulipasua jiwe ilimo. Pengine aliyetangulia alipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, ukuta ukaoza ndani huku uso wake unang'ara. Timazi itakwambia ukuta umeinama, haitakwambia unashikiliwa na nini. Baba yangu kabla ya kufungua ukuta mkuukuu alikuwa akiugonga kwa mpini wa mwiko, sikio karibu, kutoka chini mpaka pale mkono ulipofika. Ukilia kama chungu, mzima. Ukiitika kama debe, alikuwa anatutoa sote nje kwanza, anakaa anafikiri. Mara nyingine alifikiri siku mbili, na mwenye nyumba akakasirika.

Mtu anayekubali kuingia katika ukuta wa namna hiyo ili urithi wetu usimame, anatupa kitu ambacho hakilipwi kwa ujira wa kutwa. Wale wawili walikuwa wanaiokoa Beit el-Ajaib. Ikawaangukia.

Kwa hivyo naomba ubao wa majina, na kwa kuwa ni kazi yangu, naomba niuseme kwa vipimo. Uwekwe katika sehemu itakayojengwa upya, upande wa mbele palipoporomoka. Uwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, usipandishwe juu kama ubao wa ufunguzi ambao watu huutazama siku ya sherehe tu. Uandikwe Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, na lugha za wageni zifuate chini: jina kamili la kila mmoja, pahala alipotoka, kazi aliyokuwa akiifanya siku ile, na tarehe. Hayo yanatosha. Usichongwe kwenye jiwe la matumbawe, kwa sababu upepo wa bahari pale Forodhani utazila herufi, na wajukuu zetu watasoma mashimo. Usiwe wa chuma, nimeshasema habari za kutu. Uwe wa marumaru, au wa msaji ulio ndani ya kivuli cha roshani. Waliotutangulia walikuwa wakichonga juu ya milango yao aya, mwaka, na pengine jina la mwenye nyumba, kwa hivyo jina kwenye nyumba si jambo geni katika mji huu. Milango ya kale yenyewe isiguswe, isichubuliwe hata kidogo.

Kabla ya yote hayo, jamaa zao waulizwe. Ndiyo maana nami majina yao sikuyaandika humu: sina ruhusa ya wenyewe, na barua hii inasomwa na kila mtu. Wizara ina njia ya kuwafikia. Aende mtu wa heshima, apige hodi, akae nao, awaambie Serikali inataka kufanya hivi, mnaonaje. Wakikataa, basi, tuwaheshimu, na paandikwe tu kwamba wawili walifariki hapa wakilitengeneza jengo hili. Wakikubali, wawe wao wa kwanza kuingia siku ya kufunguliwa, mbele ya mabalozi na mbele yetu sote.

Na kama nafasi itabaki chini ya ubao, naomba mstari mmoja kwa walioijenga mwaka 1883. Wachoma chokaa, wabeba mawe, wakata mikoko, waashi, maseremala. Majina yao hatunayo tena, tumeshachelewa. Kwa hawa wawili hatujachelewa.

Najua yatakayosemwa. Nilimsomea rafiki yangu barua hii kabla ya kuileta, naye akaniambia, mzee mwenzangu, wageni wanakuja kutazama maajabu, usiwatilie msiba mlangoni. Nilimjibu kwamba msiba umo humo tangu 1896, na wageni wanasimuliwa kila siku, hawakimbii. Mgeni aliyetoka mbali akakuta nyumba ya sultani imeandikwa mlangoni majina ya vibarua wawili, atajua sisi ni watu gani. Akaniuliza tena, na wale wanaoanguka kwenye majukwaa ya nyumba za kawaida huko mitaani, nao waandikiwe wapi? Hapa alinishika. Nimewazika wawili niliofanya kazi nao, mmoja alianguka mbele ya macho yangu, na hakuna pahala palipoandikwa jina lake ila pale kaburini kwao. Sina jibu kamili. Nasema tu kwamba Beit el-Ajaib ni nyumba ya sote, haina mwenyewe mmoja, na mwashi yeyote atakayepita pale akaona wenzake wawili wameandikwa, atajua kwamba na yeye anahesabika. Nimeifanya kazi hii miaka hamsini na sikupata kuona pahala pa namna hiyo.

Watembeza wageni nao wafundishwe. Wale vijana ni hodari, wanahifadhi tarehe na majina kuliko sisi, na wanachokisema wao ndicho kinachobaki kichwani mwa mtu. Wakiwa wanaweza kusimulia nguzo zilizogeuzwa za Mkunazini, wataweza kusimama dakika moja mbele ya ubao, wayasome majina kwa sauti, ndipo waingie kwenye habari za lifti na umeme.

Narudi kwa kijana wangu. Tulipofika kwenye uzio alikaa kimya muda mrefu, akichungulia. Nilidhani anatazama nguzo. Kumbe alikuwa anapima pengo kwa macho, anatafuta jukwaa lingekuwa limesimama wapi. Akaniuliza, "Babu, wale walikuwa mafundi au vibarua? Walikuwa juu au chini?" Ni masuali ya mtu wa kazi. Asiye wa kazi asingeyauliza. Sikujua. Nimekaa mji huu umri wangu wote, nilikuwapo Forodhani siku ile, na sikujua hata wale wenzangu walikuwa wameshika nini mkononi. Usiku wake ndipo nilipoanza kuandika.

Mheshimiwa, jina langu na pahala ninapokaa nimevitia katika nakala niliyoileta kwa mkono ofisini. Humu havina kazi.

Nimalizie kwa jambo la kazi. Ubao ukikubaliwa, utahitaji kutiwa ukutani, na ukuta ule hautaki saruji. Mgongo wangu hauniruhusu tena kupanda jukwaa, lakini kimo cha macho hakina haja ya jukwaa. Kijana atachanganya, mimi nitapiga mwiko, na ujira hatutaki. Chokaa nimeshairoweka pipa moja nyuma ya nyumba, na yeye ndiye aliyenisaidia kuichekecha kabla hajarudi Wete. Chokaa iliyorowekwa, maadamu imefunikwa na maji, haiharibiki. Mwaka ukipita inakuwa laini zaidi, na ukipita wa pili inakuwa bora kuliko wa kwanza. Naitazama kila asubuhi na kuiongezea maji.

Wako mtiifu,
Fundi mwashi, Unguja.